Mzee Aliyepotea Njia si Mlevi wala Mchawi

Tunapozungumzia watu waliopotea, wengi wetu huwaza watoto. Katika somo hili tunawazungumzia wazee: mama anayetoka kwenda kisimani asirejee, au baba anayekutwa usiku katika mji wa jirani asijue alikotoka. Kwetu sisi tunaoishi Busia, Malaba, Mutukula au Mpondwe, hatua chache tu zaweza kumtoa mzee huyo nchi moja na kumwingiza nchi nyingine.

Ugonjwa wenyewe

Dimensia ni hali ya kudhoofika kwa kumbukumbu, fikra na uwezo wa kujihudumia, kupita usahaulifu wa kawaida wa uzee. Chanzo chake kikuu ni ugonjwa wa Alzheimer, uliopewa jina la daktari Mjerumani, Alois Alzheimer, aliyeueleza mbele ya madaktari wenzake mwaka 1906. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu zaidi ya milioni 55 wanaishi na dimensia, na wengi wao wamo katika nchi za kipato cha chini na cha kati kama zetu.

Katika ugonjwa huu, mambo ya karibuni hutangulia kufutika, ya utotoni yakabakia. Ndiyo sababu mzee husema, "Nakwenda nyumbani," ilhali yumo nyumbani mwake. Nyumbani anakokutaja ni kule alikozaliwa, na pengine ni ng'ambo ya mpaka. Huenda pia akaacha kutumia Kiswahili akarudia lugha ya mama yake pekee.

Tusihukumu kwa macho

Mgonjwa wa namna hii huyumba, hurudia maneno, huvaa nguo kinyume au huingia nyumba isiyo yake. Wapo wanaomwita mlevi. Wapo wanaomwita mwizi. Mama mzee akikutwa uani kwa jirani usiku, huitwa mchawi, na neno hilo limekwisha kuwagharimu wazee wengi maisha yao.

Hukumu hiyo haikuanzia kwetu. Rita Hayworth alikuwa nyota wa sinema wa Marekani, aliyewahi kuolewa katika ukoo wa Aga Khan, ambao hospitali na shule zake twazifahamu Afrika Mashariki. Mwaka 1976 aliteremshwa kutoka ndege mjini London akiwa amechanganyikiwa, na picha zake zikaenea magazetini. Watu walisema ni pombe. Miaka michache baadaye madaktari walibaini kuwa ni Alzheimer. Binti yake, Yasmin Aga Khan, alimtunza mpaka alipofariki mwaka 1987. Hakuuficha ugonjwa wa mamaye. Aliutangaza, akaanzisha hafla za kuchangisha fedha zenye jina la mama huyo, na baada ya msiba akaendelea. Hafla hizo zimekusanya makumi ya mamilioni ya dola kwa ajili ya utafiti na matunzo.

Ukikutana na mzee aliyepotea

Mkaribie kutoka mbele, mtu mmoja, kwa sauti ya upole. Mwamkie kwa heshima: mzee, mama, babu. Uliza swali moja fupi, kisha ungoje jibu. Usibishane naye hata akisema yasiyo kweli. Mketishe kivulini, mpe maji, tafuta mtu anayeijua lugha yake. Wakati huohuo mjulishe mwenyekiti wa kijiji na kituo cha polisi kilicho karibu. Nchini Uganda namba za bure ni 999 na 112. Usimwache peke yake hadi msaada ufike, wala usimvushe mpaka wewe mwenyewe kwa njia za panya, hata kama ameutaja ukoo unaoujua upande wa pili. Mpeleke kwa maafisa, nao watawasiliana na wenzao wa ng'ambo.

Ikiwa aliyepotea ni wa kwenu

Ripoti mara moja. Yapo maneno yanayozagaa kwamba sharti saa 24 zipite kwanza. Msiyafuate, kwani jua, mto na barabara havimngoji mzee. Njooni na picha ya karibuni, mweleze nguo alizovaa, lugha anazozungumza, dawa anazotumia na mahali alipozaliwa. Wengine wabaki wakitafuta karibu: migombani, mtoni, sokoni, kanisani au msikitini, na katika nyumba alizowahi kuishi.

Kabla hayo hayajatokea, shoneni namba ya simu ndani ya nguo yake, na nakala ya kitambulisho ikae mfukoni mwake. Majirani waelezwe mapema. Kumfunga kamba au kumfungia ndani si matunzo. Ni hatari, hasa moto ukizuka.

Hospitali na sauti zetu

Kuchanganyikiwa kunakozuka kwa saa au siku chache kwaweza kuwa malaria, maambukizi mengine au madhara ya dawa, nako huhitaji hospitali bila kuchelewa. Hata usahaulifu unaokuja polepole upimwe, kwa kuwa upungufu wa vitamini, ugonjwa wa tezi ya shingo au sonona huweza kufanana na dimensia, na hutibika. Alzheimer yenyewe haijapata tiba ya kuiponya, lakini matunzo mema humpunguzia mgonjwa mateso na familia mzigo.

Tarehe 21 Septemba ni Siku ya Alzheimer Duniani. Tunawaomba mliozika wazazi waliougua hivi msinyamaze. Simameni katika mikutano ya kijiji mkaeleze mlichokiona. Waulizeni wahudumu wa afya na viongozi mliowachagua ni wapi mzee hupimwa, na nani humsaidia mtoto anayemuuguza usiku na mchana. Mtafiti hawezi kuhesabu wagonjwa waliofichwa vyumbani, na serikali haiutengei fedha ugonjwa usiotajwa. Nasi tulio vituoni tutamtafuta mzee upesi zaidi ikiwa kijiji kizima kinajua kwamba ni mgonjwa.