SOMO: JE, KURA HULETA UKABILA?



Kila baada ya miaka 5 tunapiga kura. Wengine husema, "Kura ndiyo hutugombanisha." Je, ni kweli? Tuangalie yaliyotokea hapa Uasin Gishu na jirani zetu.

Tukumbuke

1991: Madai ya kurudisha vyama vingi yalipopamba moto, wanasiasa wengine walianza kuwaita majirani "madoadoa". Mapigano yalizuka Meteitei, Nandi, mwezi wa Oktoba. Uchaguzi ulikuwa bado mwaka mzima na zaidi.

2002: Wagombea wakuu wawili wa urais, Kibaki na Uhuru Kenyatta, wote walikuwa Wakikuyu. Huku kwetu kulitulia.

2007: Wakalenjin wengi walikuwa ODM, Wakikuyu wengi PNU. Matokeo yakapingwa. Tarehe 1 Januari 2008, watu waliokimbilia kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, walichomewa humo ndani, wakiwemo akina mama na watoto. Tume ya Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa kote nchini.

2013: Uhuru Kenyatta na William Ruto waliungana. Hapa kulikuwa shwari.

Tunajifunza nini?

Mashamba ni yale yale, majirani ni wale wale. Kilichobadilika ni nani amekula sahani moja na nani huko juu. Basi chuki hii si ya damu, na kura peke yake haiileti. Huletwa na maneno ya kampeni yanayochokoza kidonda cha mashamba.

Lakini tusijidanganye. Hata utulivu wa 2013 ulitoka kwa wakubwa. Amani ya kukopeshwa na wanasiasa wanaweza kuidai siku wakikosana. Afadhali tuwe na yetu.

Tufanye nini?

1. Tuandike katika sheria za kikundi: mkutano wetu si jukwaa la kampeni.
2. Mikopo na zamu za kusaidiana zisisimame wakati wa kampeni.
3. Tukisikia uvumi, tumuulize jirani mwenyewe kabla ya kuueneza.
4. Uchochezi wa kikabila ni kosa kwa Sheria ya Uwiano na Utangamano ya 2008. Tupige ripoti mapema.

Maswali ya kujadiliana

- Ni maneno gani hutumika hapa kijijini wakati wa kampeni tu?
- Nyumba ya jirani ikitishwa usiku, nani atakwenda kwanza? Mkubaliane leo.