Mipaka ya Ajabu katika Fantasia ya Mjini: Mfano wa Death Note

Wapo wahakiki wanaodai kwamba fantasia huukimbia uhalisi. Manga ya Death Note (2003–2006), iliyotungwa na Tsugumi Ohba na kuchorwa na Takeshi Obata, inakanusha dai hilo. Light Yagami, mwanafunzi nchini Japani, anaokota daftari la mungu wa mauti. Aandikwaye humo hufa, ila sharti mwandishi alijue jina lake na sura yake. Sharti hili ndilo linalozua mgogoro, kwani mpelelezi mkuu anaficha vyote viwili. Light anaanza kwa kuwaua wahalifu. Hatimaye anawaua hata wapelelezi wasio na hatia. Hivyo basi, tunapohakiki ajabu, tuulize haiwezi nini, na nani atawajibika kwayo.