Kutenganisha Viingizo vya Seli katika Lahajedwali za Lugha za Tarime na Serengeti

1.0 Utangulizi

Mtafiti anayekusanya msamiati wa lugha za wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, aghalabu hukutana na lahajedwali ambamo seli moja imebeba taarifa zaidi ya moja. Programu kama Excel na OpenRefine huweza kuigawa seli hiyo katika mistari kadhaa kwa kufuata kitenganishi, yaani alama kama mkato, mkwaju au kistari. Makala hii inadai kwamba kila mgawanyo wa namna hiyo ni dai la kiisimu, kwa kuwa alama moja huweza kuficha mahusiano tofauti.

2.0 Alama na Mahusiano Yake

Katika orodha ya misimbo ya lugha ya ISO 639-3, msimbo ntk umepewa jina "Ikoma-Nata-Isenye". Hapa vistari vinaunganisha majina matatu ya jamii-lugha za Serengeti. Seli hiyo ikigawanywa hutoa mistari mitatu, na kila mstari sharti uendelee kubeba msimbo ntk; la sivyo, uhusiano unaodaiwa na msimbo hupotea. Msimbo ssc nao una jina "Suba-Simbiti". Kistari ni kilekile, lakini kazi yake si ileile: jina la pili husaidia kuitofautisha lugha hiyo na Kisuba cha Kenya, chenye msimbo sxb. Mstari utakaobaki na neno "Suba" pekee utaleta utata.

Vivyo hivyo, "Ngoreme/Ngurimi" ni lugha moja yenye tahajia mbili, na tahajia ya pili inastahili safu ya majina mbadala. "Omokuria, Abakuria" ni umoja na wingi wa nomino moja. Hizo ni safu mbili, wala si mistari miwili.

3.0 Athari katika Ulinganishi

Chukulia orodha ya dhana 100 ambamo lugha mbili zinalingana katika dhana 84. Ulinganifu ni asilimia 84. Iwapo dhana 12 zina visawe viwili kila moja, mgawanyo utaleta mistari 112. Mtafiti akihesabu mistari badala ya dhana, huku dhana zilizolingana zikibaki 84, ulinganifu utashuka hadi asilimia 75. Tofauti hiyo haikutoka vinywani mwa wasemaji. Imetokana na jedwali. Hata hivyo, hesabu za aina hii hutumika kuamua ipi ni lahaja na ipi ni lugha, na hatimaye nani aandikiwe kamusi.

4.0 Utaratibu Unaopendekezwa

(a) Kila dhana ipewe namba ya utambulisho kabla ya kugawanya, na hesabu zote zifuate namba hiyo.

(b) Alama za awali zisomwe moja baada ya nyingine. Pale tu panapostahili mstari mpya pawekwe alama maalumu isiyotumika kwingineko.

(c) Baada ya kugawanya, nafasi tupu ziondolewe na idadi ihakikiwe: mistari mipya yote iwe sawa na mistari ya awali ukijumlisha alama maalumu zilizowekwa.

(d) Nakala ya awali ihifadhiwe bila kuguswa.

Safu ya mahali nayo ihakikiwe. Wilaya ya Rorya ilimegwa kutoka Tarime mwaka 2007. Hivyo "Tarime" katika data za kabla ya hapo hujumuisha maeneo yote mawili. Hakuna kitenganishi kitakachoyatenga. Ni jina la kijiji tu.

5.0 Hitimisho

Kompyuta huona alama, mwanaisimu huona uhusiano. Uamuzi wa kugawanya utanguliwe na uchambuzi, na sababu zake ziandikwe pamoja na data ili mtafiti mwingine aweze kuupima.