INZI WADOGO WA MATUNDA WAKATI WA JOTO

Kila mwaka kaskazi ianzapo kuvuma, jua hukaza, maembe huteremshwa sokoni, na katika kila nyumba yenye kikapu cha matunda huonekana wageni wale wale. Mama mwenye nyumba huinua kitambaa alichofunikia ndizi zake, na mara wingu la inzi wadogo huruka, likamzunguka usoni, kisha likatua tena pale pale. Hupunga mkono, nao hurudi. Hupiga makofi hewani kama aliye ngomani, akaua wawili au watatu, na kesho yake huwa wengi kuliko jana. Mwisho husema lile wasemalo wengi: kwamba inzi hawa huzaliwa na tunda lenyewe, na kwamba hapana la kufanya ila kungoja msimu upite.

Wazo hilo si geni, wala si la watu wa Afrika peke yao. Kwa karne nyingi wenye elimu wa Ulaya walifundisha kwamba mabuu huzaliwa na nyama iliyooza, pasipo mama wala baba. Mwaka wa 1668 tabibu mmoja wa Italia, jina lake Francesco Redi, alitangaza habari za majaribio aliyoyafanya. Alitia nyama katika vyombo kadha. Vingine akaviacha wazi, na vingine akavifunika kwa kitambaa chembamba chenye kupitisha hewa. Nyama yote ikaoza sawasawa, lakini mabuu yalionekana ndani ya vile vilivyoachwa wazi tu. Basi ikadhihirika kwamba mabuu hutoka katika mayai ya inzi, na kuoza kwa nyama ni karamu yao tu, si mama yao.

Jambo hili laweza kujaribiwa nyumbani, tena watoto wa shule watalipenda. Zichukuliwe bilauri mbili safi. Ndizi moja iliyoiva, isiyopasuka, imenywe na kukatwa vipande viwili, na kila kipande kitiwe katika bilauri yake. Ganda litupwe, kwa maana huenda mayai yamekwisha kutagwa juu yake. Bilauri moja iachwe wazi, na ya pili ifunikwe mara hiyo hiyo kwa kitambaa kilichofumwa kwa kukaza, kikafungwa kwa uzi. Ziwekwe pamoja karibu na kikapu cha matunda. Baada ya siku tatu au nne ndizi zote mbili zitakuwa zimelainika na kunuka, lakini ni ile iliyo wazi tu itakayoonyesha mabuu meupe, madogo, yakijipindapinda. Bilauri hiyo isisahauliwe rafuni. Siku ya sita imwagiwe maji ya moto na vilivyomo vizikwe, ama sivyo somo litageuka kuwa balaa.

Inzi mwenyewe hapiti chembe ya ufuta kwa ukubwa, yaani urefu wake ni kama milimita 3. Rangi yake ni ya manjano iliyochanganyika na kahawia, na macho yake ni mekundu. Haumi watu, wala haenezi malaria. Jike moja huweza kutaga mayai yapatayo 400 katika maisha yake. Huyataga juu ya tunda lililopasuka au lililoanza kuchacha, na kwa muda wa siku moja hivi mayai huanguliwa. Buu hula, hukua, kisha hutambaa mpaka mahali pakavu, likajifunga ndani ya kiganda kidogo cha kahawia, na humo hugeuka kuwa inzi. Joto likiwa digrii 25 za sentigredi, safari hiyo yote, tangu yai hata inzi mwenye mabawa, huchukua siku 10 hivi. Joto likishuka mpaka digrii 18, huchukua karibu siku 19. Ndiyo sababu mtu wa Mombasa husumbuka mwezi wa Februari, hali jamaa yake wa Limuru hawaoni kwa wingi mwezi wa Julai. Tuseme katika mayai hayo 400 wapone majike 20 tu: kila mmoja wao akitaga kama mama yake, mayai 8,000 yatapatikana kabla mwezi haujapita sana. Kupiga makofi hakuwezi kushindana na hesabu hiyo.

Yafaa kusema hapa kwamba mdudu huyu anayedharauliwa amewasomesha wakubwa wengi. Mwaka wa 1910 Profesa Thomas Hunt Morgan, wa Chuo Kikuu cha Columbia huko New York, aliona miongoni mwa inzi wake dume mmoja mwenye macho meupe. Akawafuata watoto na wajukuu wa dume yule ndani ya chupa za maziwa zilizotiwa ndizi, na kwa njia hiyo akapata kueleza jinsi sura na tabia zinavyorithiwa. Mwaka wa 1933 alipewa Tuzo ya Nobel. Asili ya inzi huyu ni Afrika. Mwaka wa 2018 wataalamu walieleza kwamba walimkuta akiishi mwituni katika vilima vya Matopos, nchini Zimbabwe, akifuata matunda ya mng'ongo.

Kinachomwita nyumbani ni harufu. Tunda likiisha kuiva sana, chachu huila sukari yake na kuigeuza kileo. Kisha vijidudu vingine hukigeuza kileo kuwa siki. Mgema wa pwani ayajua haya bila kwenda shule, kwa kuwa tembo la mnazi lililolala siku kadha huwa siki mbele ya macho yake, na inzi hawa huelea juu ya kibuyu chake. Tena inzi huichukua chachu hiyo miguuni mwake. Atuapo juu ya embe bovu, kisha juu ya zima lililochubuka, huipanda chachu kule kama mkulima apandavyo mbegu. Hapo ndipo hasara ilipo kwa mama auzaye matunda Kongowea au katika masoko ya Nairobi: embe moja lililopasuka, likiachwa katikati ya tenga, huharibu majirani zake. Yafaa matenga yapekuliwe kila asubuhi, yaliyopasuka yauzwe kwanza kwa bei ndogo au yafanywe maji ya matunda, na yaliyooza yasitupwe chini ya meza ile ile.

Hatari iliyo kubwa kuliko inzi mwenyewe ni dawa. Wako watu ambao, wakichoka, huchukua dawa ya kunyunyizia mimea shambani wakainyunyiza jikoni. Dawa hiyo hutua juu ya sahani, juu ya mkate na juu ya vidole vya mtoto atambaaye, na haitaka wingi ili kumdhuru. Hata dawa za nyumbani, zikiwemo zile za pareto, huua inzi warukao tu. Mayai na mabuu yaliyo ndani ya tunda hayaguswi, na baada ya siku chache wingu hurudi. Mwenye kununua dawa kila wiki ananunua tena kitu kile kile.

Basi kazi ni kutafuta walikozaliwa, na kazi hii huwataabisha wengi kwa sababu hutazama kikapu tu. Tuseme mwenye nyumba ameziondoa ndizi zote, ameosha meza, na bado inzi wapo. Na apindue gunia la viazi: mara nyingi chini kabisa kiko kimoja kilichooza, chenye maji, nacho chatosha kuwalea mamia. Na atazame kreti ya chupa za soda zinazongoja kurudishwa dukani, kwa maana tama iliyobaki ndani ya chupa ni shamba zuri kwao. Atazame kitambaa cha kupangusia kilicholala na unyevu, ufagio wa kupigia deki, maganda yaliyoanguka nyuma ya kabati, na hasa ndoo ya taka. Watu huimwaga ndoo, lakini huacha ute chini yake, na mabuu hustawi mumo humo. Ndoo ioshwe kwa sabuni na maji ya moto, ikaushwe juani, na maganda yatolewe nje kila jioni na kufukiwa. Matunda yaliyoiva yaoshwe yaletwapo, yafunikwe kwa chandarua chenye matundu madogo sana, na yale yaliyomenywa yaliwe siku hiyo.

Mtego wao ni rahisi. Siki kidogo itiwe ndani ya chupa ya jamu pamoja na tone la sabuni ya maji, kwa maana pasipo sabuni inzi husimama juu ya siki kama mtu asimamaye juu ya mkeka, akanywa, akaondoka. Karatasi ikunjwe kama ile wafungiayo karanga wachuuzi, ncha yake ikatwe tundu dogo, ichomekwe mdomoni mwa chupa. Wataingia, na njia ya kutokea hawataiona. Lakini mtego hauondoi shina. Faida yake kubwa ni kuhesabu.

Inzi wanaoonekana bafuni ukutani, wenye manyoya na mabawa mapana kama nondo mdogo, ni wengine. Hao huzaliwa katika ute ulioganda ndani ya bomba la maji machafu, na maji ya moto peke yake hayatoshi; bomba lisuguliwe kwa brashi ndefu. Vilevile asichanganywe na yule inzi wa mashambani, aliyegunduliwa Kenya mwaka wa 2003, ambaye hutoboa embe lingali mtini. Dawa yake yahusu mkulima, si jikoni.

Atakayesafisha nyumba yake siku ya Jumatatu asishangae kuwaona inzi tena siku ya Alhamisi. Hao ni wale waliokuwa wamekwisha kujifunga katika viganda vyao, pengine nyuma ya rafu au chini ya ukingo wa meza, na hutoka siku yao ikifika. Asirudie dawa. Auweke mtego, na kila asubuhi awahesabu waliokufa ndani yake: wakipungua siku hadi siku, kazi imekwenda vema. Lakini siku ya kumi na mbili ikifika na idadi haijapungua, iko mahali ambapo bado hajatazama, na aanze tena na gunia la viazi.