Niingie uuguzi wa wagonjwa mahututi?

Swali: Nina stashahada ya uuguzi, nafanya kazi wodi ya kawaida. Nikihamia kuhudumia wagonjwa mahututi, kuna nafasi gani mbele?

Jibu: Nafasi zipo, maana wenye ujuzi huu ni wachache mno. Kenya, chuo cha KMTC hutoa stashahada ya juu ya fani hii kwa wauguzi waliokwisha kusajiliwa. Tanzania, chuo kikuu cha MUHAS kina shahada ya uzamili ya fani hiyo, ila utahitaji shahada ya kwanza. Nje ya chumba cha mahututi, ujuzi huo unahitajika kwenye upasuaji wa moyo, ambulansi, hata ualimu. Kuhusu kazi za ng'ambo, mwaka 2021 Kenya na Uingereza zilitia saini makubaliano ya ajira za wahudumu wa afya.

Lakini cheti peke yake hakitoshi. Kengele ya mashine ya kupumulia ikilia, mtazame mgonjwa kabla ya skrini: kifua kinapanda pande zote mbili? Mpira wa hewa umejikunja, au makohozi yameziba? Muuguzi anayejiuliza hivyo ndiye anayetafutwa. Kabla hujalipa ada, omba zamu chumba cha mahututi japo mwezi mmoja. Vifo ni vingi, na si kila moyo unavihimili.