KUPELELEZANA NA KUSINGIZIANA

SUALA: Katika Brunei, kanuni iliyoanza kutumika 3 Aprili 2019 yaweka rajmu kwa liwati. Je, yafaa kumchungulia jirani tumdhaniaye?

JAWABU: Haifai. Liwati ni haramu. Lakini hata kanuni ile yataka ikirari au mashahidi wanne. Tarehe 5 Mei 2019 Sultani Hassanal Bolkiah alitangaza kuwa adhabu ya kuua imesimamishwa, ila kanuni haikufutwa. Basi mwenye kudhaniwa, akipigwa na watu, huogopa kwenda kushtaki, asije akashtakiwa yeye. Hiyo ni dhulma. Mwenyezi Mungu amekataza kupelelezana (Hujurat: 12). Na katika madhehebu ya Imamu Shafii, yafuatwayo huko kama pwani kwetu, kumsingizia mtu liwati ni kadhfu, na haddi yake ni mijeledi 80 (Nur: 4). Basi zuia ulimi wako, na mlango wa jirani uuache umefungwa.