Kufundisha Hatari ya Jiko la Mkaa Chumbani

Katika sehemu za baridi kama Makete, Njombe na Lushoto, wako watu ambao wakati wa kipupwe huingiza jiko la mkaa chumbani, hufunga mlango, kisha hulala. Wengine hawaamki. Kwa hiyo somo la kuungua kwa mkaa si la mtihani tu; yafaa lipangwe ili mwanafunzi alipeleke nyumbani.

Kikwazo cha kwanza ni imani ya mwanafunzi mwenyewe. Amezoea kuona kwamba hatari ni moshi, na kwamba mkaa ukishakolea jiko huwa salama. Tuanzie hapo. Mwalimu aulize: "Jiko lisilotoa moshi latoa nini?" Majibu yote ayaandike ubaoni bila kuyasahihisha.

Hatua ya pili ni mchoro wa jiko. Chini, penye hewa ya kutosha, kaboni huungana na oksijeni na kufanya kaboni daioksaidi. Gesi hiyo ikipita katika mkaa mwekundu ulio juu, huchukua kaboni zaidi na kugeuka kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Ndimi za buluu juu ya mkaa ni gesi hiyo ikiungua. Isiyoungua huenea chumbani.

Hatua ya tatu ni hesabu. Himoglobini ya damu hushika kaboni monoksaidi kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni takriban mara 210. Oksijeni ni asilimia 21 ya hewa. Darasa ligawe 21 kwa 210; jibu ni 0.1. Maana yake, asilimia 0.1 tu ya gesi hii, ikivutwa kwa saa nyingi, yaweza kuteka karibu nusu ya himoglobini, na hapo mtu yu karibu na kufa. Hesabu ifanywe na wanafunzi wenyewe. Mwalimu asithubutu kutengeneza gesi hii darasani.

Hatua ya nne ni dalili: kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na kulegea. Ni rahisi kuzidhania kuwa malaria. Wanafunzi wafundishwe kuuliza: je, waliolala chumba kimoja wameugua pamoja? Je, wakitoka nje hupata nafuu? Mgonjwa atolewe nje mara moja, kisha apelekwe hospitali akapewe oksijeni, hata kama amezinduka. Kulala sakafuni hakumwokoi mtu, kwa kuwa uzito wa gesi hii wakaribiana na wa hewa.

Ili kupima kama somo limeeleweka, kila mwanafunzi awaeleze wazazi wake kwa nini jiko lenye mkaa unaowaka lilale nje, hata kama halitoi moshi. Kesho yake alieleze darasa maswali aliyoulizwa na wazazi. Maswali hayo ndiyo yatakayomwonyesha mwalimu mahali pa kurudia.